2,287 Haigawanyiki



Namba nitakayoizungumzia leo mnaijua. Janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kugunduliwa Mangina, katika zoni yetu ya afya ya Mabalako, lilihesabiwa mwishoni kuwa na wagonjwa 3,470. Kati yao walikufa 2,287. Nitaitazama namba hiyo ya pili kihesabu, kwa heshima yote wanayostahili walio ndani yake.

2,287 ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwenye kalamu ahakikishe. 48 mara 48 ni 2,304, tumeshaipita. Basi inatosha kujaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 47, nazo ni 15 tu. Ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa 43 inabaki 8, kwa 47 inabaki 31. Jirani zake hazina sifa hiyo: 2,286 ni 2 × 3 × 3 × 127, na 2,288 ni 16 × 11 × 13. Angekufa mmoja zaidi, utasa ungetoweka. Kwa hiyo nawasihi tusitafute humo ishara wala laana. Ni sifa ya namba, si ya ugonjwa.

Hata hivyo sifa hiyo ina matokeo. Kwa kuwa 2,287 ni tasa, na 3,470 si kigawe chake, sehemu 2,287/3,470 hairahisishiki. Tumezoea kusema wamekufa theluthi mbili ya wagonjwa. Theluthi mbili ya 3,470 ni 2,313 na kidogo: tumezidisha 26. Kwa usemi huo tunawazika watu 26 ambao hawakufa. Anayelinganisha milipuko ya nchi mbalimbali ataridhika na asilimia 66, na ana haki. Hapa Mabalako haitoshi.

Katika wilaya yetu hii ya Beni, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa Ishango, wenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Safu yake moja ina alama 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo wanaodai mchongaji aliujua utasa. Sishawishiki, maana kuujua kunahitaji kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya. Unaonyesha jambo ninaloliona kubwa zaidi: alama moja, kisha nyingine, bila kukadiria.

Anayedharau moja akumbuke Aprili 2020. Kanuni ilidai siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Mwisho wa janga ulitarajiwa kutangazwa tarehe 12. Tarehe 10 akathibitishwa mgonjwa mmoja Beni, hesabu ikarudi mwanzo, na tangazo likangoja hadi tarehe 25 Juni.