Makofi na Vigelegele

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena habari ya maneno mawili ambayo kila mtu wa Masasi na Newala ayajua, walakini ni wachache waliokaa wakayachungua: makofi na vigelegele.

Tuanze na kofi. Maana yake ni kiganja cha mkono kilichokunjuliwa. Kofi moja likimwangukia mtu shavuni ni adhabu, tena ni aibu. Bali makofi mengi, kiganja kwa kiganja, ni sifa. Neno ni lile lile na mkono ni ule ule, ila safari hii mpigaji hujipiga mwenyewe kwa ajili ya mwenziwe. Kwa Washona wa Zimbabwe kupiga makofi ni salamu na shukrani pia.

Kigelegele ni neno la namna nyingine. Huiga sauti: gele, gele, ulimi ukichezacheza upesi kinywani. Lugha nyingine zafanya vivyo hivyo. Wanyanja husema nthungululu, Washona husema mhururu, na Warumi wa kale walikuwa na neno ululare, yaani kulia kwa sauti kuu. Kila watu wameusikiliza ulimi, wakaupa jina kwa kadiri walivyousikia.

Katika nchi yetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, vijana wakitoka jandoni hupokewa na mama zao kwa vigelegele. Na sindimba ikichezwa, waliosimama pembeni huitikia kwa makofi na sauti, hata mchezaji aliyechoka akapata nguvu mpya. Hapo mtazamaji naye ana kazi yake ngomani.

Sasa lipo jambo linalotusikitisha. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba makofi ndiyo ustaarabu, na vigelegele ni ushamba. Msichana akipiga kigelegele katika sherehe ya shule huchekwa, naye siku nyingine hunyamaza. Twaona si haki. Makofi nayo yamepata kutumiwa vibaya. Nero, Kaisari wa Roma aliyetawala tangu mwaka 54 hata 68, alipenda mno kuimba mbele za watu. Mwandishi Suetonius asimulia kwamba alichagua vijana zaidi ya 5,000, wakafundishwa namna tatu za kumshangilia: mojawapo ilivuma kama nyuki, na nyingine mbili zilipewa majina ya vigae, vya mviringo na vya bapa. Viongozi wao walilipwa fedha nyingi. Kelele zilikuwa kubwa, lakini nani angeweza kujua kama Kaisari aliimba vizuri? Wahenga wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tusipime ustaarabu kwa kutazama kama mtu ametumia mkono au ulimi. Tuulize kwanza kama furaha yake ni ya kweli, na kama anayesifiwa amestahili. Mtoto asiyefanya kazi yake akipigiwa makofi kwa desturi tu, twamdanganya. Lakini yule aliyejitahidi mwaka mzima, akasimama akasoma vizuri mbele ya wazee, apigiwe makofi kwa mikono yote miwili. Na mama yake, aliyeketi nyuma karibu na mlango, akishindwa kujizuia akapiga kigelegele, walimu wasimkemee, wala wanafunzi wasicheke.