Nani Afute? Kanuni za Mwenendo katika Magrupu ya Kibondo na Kasulu

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na virusi vya Marburg. Siku mbili baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mgonjwa mmoja amekutwa na virusi.

Biharamulo si mbali na Kibondo, mkoani Kigoma. Basi linalotoka Kasulu kwenda Mwanza hupita Kibondo na Kakonko, kisha huingia Nyakanazi, njia panda iliyomo ndani ya wilaya hiyohiyo ya Biharamulo. Sasa tuseme ni tarehe 17, na admini wa kundi la WhatsApp la wauza maharage wa Kasulu anaamka na kukuta ujumbe wa sauti: Marburg imeingia, msipande magari. Akiufuta kwa kuwa ni uzushi, amekwenda sawa na tamko la Wizara. Siku tatu baadaye itaonekana kwamba alichofuta kilikuwa na chembe kubwa ya ukweli. Akiuacha, wafanyabiashara wanaweza kususia safari kwa neno la mtu asiyejulikana, na yeye mwenyewe anaweza kuulizwa kwa nini aliuacha.

Mhadhara huu unahusu admini huyo. Hoja yake ni kwamba kanuni ya kundi inayomtaka admini awe mwamuzi wa ukweli haifai, hata ikiandikwa kwa nia njema. Kanuni inayofaa ni ile inayosimamia namna habari inavyoletwa, namna inavyoondolewa, na mahali pa kulalamikia aliyeondolewa.

Kwanza ifahamike kwa nini mzigo umemwangukia yeye. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo kampuni yenyewe haiyasomi. Ilichoweza kufanya ni kupunguza mwendo: Januari 2019 ikaweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi mno ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu. Hata Facebook, ambayo maandishi yake yanasomeka, ilitegemea wasimamizi wa maudhui waliokuwa wakifanya kazi Nairobi chini ya kampuni ya Sama. Kazi hiyo ilipokoma mwaka 2023, 184 kati yao walikwenda mahakamani, na kesi zao zilionyesha jinsi watu wachache walivyobebeshwa uchafu wa lugha nyingi za Afrika. Kiha, lugha ya wenyeji wa Kibondo na Kasulu, hakikuwa na nafasi kubwa katika hesabu hizo. Mtu anayetukanwa kwa Kiha au Kirundi katika kundi la watu 300 hana mlinzi mwingine ila admini, ambaye mara nyingi ni mwalimu, mhasibu wa VICOBA au kiongozi wa kwaya aliyefungua kundi kwa ajili ya rambirambi na halikufungwa tena.

Sheria nayo haimpi usingizi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayechapisha habari akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma. Faini yake haipungui shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukikisoma kwa utulivu, utaona kinamlenga anayechapisha kwa kujua. Lakini hofu haisomi kwa utulivu. Kenya ilikwenda mbali zaidi: miongozo iliyotolewa Julai 2017, kabla ya uchaguzi, ilimtaka msimamizi wa kundi adhibiti yanayosemwa humo. India imeelekea upande mwingine. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Bombay ilisema admini hawezi kubeba kosa la mwanakundi kwa sababu tu yeye ndiye admini. Kati ya misimamo hiyo miwili, wa pili unaelewa zaidi jinsi kazi hii ilivyo. Admini anayeogopa jela hufuta kila kitu, au huwasha kile kitufe kinachoruhusu maadmini peke yao kuandika, na kundi likageuka ubao wa matangazo.

Nyanda za juu za Kigoma zina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko mikoa mingi. Aprili 1994 watu takribani 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara, jirani na Kigoma, kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, ambako redio ya RTLM ilikuwa ikitaja majina ya watu wa kuuawa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa redio hiyo. Jibu lililotoka upande wa Tanzania lilikuwa redio pia: mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, nayo ikasikika hadi kambi za Kibondo na Kasulu. Redio, iwe mbaya au njema, ina mhariri. Kuna mtu anayeamua kabla neno halijatoka. Kundi la simu halina mtu huyo. Neno hutoka kwanza, ndipo watu waulizane.

Na yapo maneno ambayo hayasubiri kuulizwa. Agosti 2019 serikali za Tanzania na Burundi zilikubaliana kuharakisha kuwarejesha wakimbizi wa Kirundi kuanzia Oktoba mwaka huo. Kwa mtu aliyekuwa Nduta, kambi iliyofunguliwa upya Kibondo mwaka 2015, au Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu 1996, ujumbe wa mstari mmoja kwamba kambi inafungwa ulitosha kumfanya auze vyungu kwa bei ya kutupa. Uzushi? Kambi ya jirani, Mtendeli, ilifungwa kweli mwaka 2021. Hapa tena ni yaleyale ya Marburg: katika nchi ambayo habari rasmi huchelewa au hubadilika, mpaka kati ya tetesi na taarifa husogea, na admini hana kifaa cha kuupimia.

Afrika Mashariki imekwisha kujaribu njia mbili. Ya kwanza ni kufunga. Mwishoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, David Kobia, aliyekuwa akiendesha uwanja wa mazungumzo wa Mashada akiwa Marekani, aliona matusi ya kikabila yamewashinda wasimamizi, akauzima. Mahali pake akafungua ukurasa wa kuandika ujumbe wa kukataa ukabila, na muda huohuo akawa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, jukwaa la kukusanya ripoti za vurugu kutoka kwa wananchi. Alichofanya kinaeleweka, hata hivyo waliokuwa wakitukanana hawakunyamaza, walihama. Njia ya pili ilianza mwaka 2013 katika delta ya Tana, nchini Kenya, ambako mapigano ya Wapokomo na Waorma kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Mradi ulioitwa Una Hakika uliwaomba wananchi watume tetesi walizosikia kwa ujumbe wa simu. Wahusika waliwauliza wazee, machifu, polisi na wajumbe wa kujitolea vijijini, kisha wakarudisha jibu: ni kweli, si kweli, au bado haijajulikana.

Jibu la tatu ndilo la thamani kuliko yote. Magrupu mengi hayana mahali pa kuliweka. Kanuni iliyobandikwa kwenye maelezo ya kundi husema tu: hakuna siasa, hakuna matusi, hakuna habari za uongo. Ingesema badala yake kwamba anayeleta habari ya ugonjwa, usalama, kambi au njia ataje kaiona wapi au kasikia kwa nani, ujumbe wa Marburg ungeshughulikiwa bila admini kujifanya daktari. Mletaji angeulizwa chanzo. Asipokuwa nacho, ujumbe ungebaki na alama chini yake: haujathibitishwa, tunauliza kituo cha afya. Tarehe 20 ilipofika, hakuna ambaye angeaibika.

Yapo mambo mawili ambayo hayangoji kuulizwa chanzo, yafutwe mara moja. Moja ni fedha. Kila mwenye simu Tanzania anaujua ule ujumbe wa kutaka ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Ukiingia katika kundi la msiba, mchango wa jeneza unaweza kupotea kwa dakika kumi. Namba ya kuchangia itolewe na mhazini pekee, tena kwa sauti yake inayotambulika. La pili ni jina la mtu. Kigoma inawajua kamchape, wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi, na fujo zinazofuata nyuma yao. Kumtaja bibi kizee fulani wa kitongoji fulani kuwa ndiye aliyekausha mihogo ya watu ni kumweka katika hatari ambayo kuomba radhi kesho yake hakuiondoi. Hali ni hiyohiyo kwa jina au picha ya mgonjwa; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Nani atunge kanuni hizi? Si admini peke yake usiku mmoja. Serikali za vijiji zinayo mazoea mazuri tangu sheria ya mwaka 1982: halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo, wananchi huijadili katika mkutano mkuu, ndipo ipelekwe wilayani. Mambo huchelewa, na wakati mwingine huchosha, lakini mchungaji anayepigwa faini kwa ng'ombe kuingia shambani hawezi kusema hakuwapo. Kundi linaweza kufanya hivyo kwa wiki moja: rasimu ya mistari michache, ujumbe wa sauti kwa Kiswahili na kwa Kiha kwa ajili ya wasiopenda kusoma, siku tatu za kupinga, kisha kura ya kidole gumba. Kundi lenye Warundi lisikilizwe pia kwa Kirundi, kwa sababu dhihaka husikika vizuri na mwenye lugha.

Adhabu nayo ina ngazi. Warundi waliokaa Nduta na Nyarugusu wamekulia katika desturi ya abashingantahe, wazee wanaoaminiwa kusikiliza pande zote mbili mbele ya watu kabla ya kutamka. Mtu huitwa, husikilizwa, hukanywa, hurudishwa. Katika magrupu mambo huanza mwishoni: mtu hutolewa kimyakimya saa tano usiku, na asubuhi marafiki zake wamefungua kundi la pili lenye hasira zaidi. Onyo la kwanza litolewe faragha, la pili mbele ya kundi, kisha kutolewa kwa muda unaojulikana, kwa mfano siku saba, naye awe na watu wawili wasio maadmini wa kumpelekea malalamiko.

Admini ana deni jingine, la kuwalinda walio kundini mwake. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakamani baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtoza faini ya shilingi milioni 3. Admini wa Kibondo hana wakili wala seva. Ana orodha ya namba 300 inayoonekana na kila anayeingia. Kabla hajamwingiza mgeni aliyetumiwa kiungo, ajue ni nani aliyemleta, na kiungo kibadilishwe kikianza kuzagaa stendi.

Linabaki suala la ufunguo. Walimu na wauguzi huhamishwa. Anayepelekwa Uvinza huondoka na simu yake, na kundi likabaki chini ya mtu aliye mbali na asiyejua tena nani amefiwa. Maadmini wawe watatu au wanne, mmoja wao mwanamke, mmoja anayesikia Kirundi, na wabadilishane kila baada ya miezi mitatu, kipindi kilekile cha mkutano mkuu wa kijiji. Siku ya kukabidhiana, wanaotoka wasome mbele ya kundi orodha ya walichofuta tangu mara iliyopita, na sababu ya kila kimoja.