Deni Halijui Urafiki



Hivi karibuni mwalimu mmoja wa somo la biashara, katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke, aliniomba nikazungumze na wanafunzi wake kwa kipindi kimoja. Kipindi ni dakika arobaini. Nilikwenda nikidhani nakwenda kufundisha, kumbe nilikwenda kukumbushwa jambo ambalo nyumbani kwetu hatupendi kulizungumza.

Nilianza kwa kuwauliza aina za biashara. Mikono ilinyooshwa darasa zima. Wakazitaja bila kukwama: biashara ya mtu mmoja, ubia, kampuni, ushirika. Wakanitajia na faida na hasara za kila aina, kama zilivyo kwenye daftari. Nikawapongeza. Kisha nikawauliza swali la pili: siku mambo yakiharibika, nani analipa deni?

Kimya.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akasema, "Shikamoo mzee. Mama yangu ana genge. Akishindwa kulipa, watachukua na kitanda chake?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ndilo kiini cha somo zima. Nilimjibu kwa kisa cha kaka yangu.

Mwaka 2009 kaka yangu na rafiki zake wawili walifungua duka la vifaa vya ujenzi. Walisoma pamoja, wakacheza mpira pamoja, wakaoa karibu mwaka mmoja. Walikwenda kusajili jina la biashara, wakapata cheti, wakakitia kwenye fremu na kukitundika ukutani. Kila aliyeingia dukani alikiona. Kaka akawa anatuambia, "Mdogo wangu, sasa tuna kampuni."

Hawakuwa na kampuni. Walikuwa na jina. Cheti cha jina la biashara kinatambulisha jina mnalofanyia kazi na watu walio nyuma ya jina hilo. Hakitengenezi ukuta kati ya deni la duka na nyumba ya mwenye duka. Kisheria walikuwa wabia watatu, basi. Na makubaliano yao hayakuwa na hata karatasi moja. Walisema, "Sisi ni ndugu, tuandikiane nini?"

Baada ya miaka miwili mmoja wao alichukua saruji na mabati kwa mali kauli, kwa jina la duka, akauza, akatoweka. Mwenye mali alipokuja, hakumtafuta aliyetoweka. Alimtafuta aliyeonekana. Kaka yangu alikuwa na kiwanja Mbagala, alichokinunua kidogo kidogo kwa miaka sita. Kiwanja kikauzwa, deni likalipwa.

Kaka alilalamika kwamba hakusaini chochote. Lakini ndivyo ubia ulivyo. Katika shughuli za kawaida za biashara yenu, kila mbia ni mkono wa wenzake. Akikopa kwa ajili ya duka, mmekopa wote. Na anayedai anaweza kumbana mmoja wenu alipe deni zima, kisha huyo ndiye ahangaike kuwatafuta wenzake wamrudishie. Lawama alizompa rafiki yake hazikurudisha hata tofali moja.

Nilipofika hapo kijana mmoja akauliza, "Sasa kwa nini hawakufungua kampuni ya kweli?"

Swali zuri. Nikawaeleza habari za fundi na mfanyabiashara wa viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Karibu hisa zote zilikuwa zake. Kampuni haikuchukua muda ikaanguka, na ikadaiwa kwamba Salomon na kampuni yake ni kitu kimoja, kwa hiyo yeye alipe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa. Ikasema kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine mbele ya sheria, mwenye mali yake na madeni yake. Kanuni hiyo imeenea katika nchi nyingi, na imo pia katika Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002. Katika kampuni ya hisa yenye ukomo wa dhima, mwanahisa anapoteza alichokiweka kwenye hisa. Hadaiwi kitanda.

Lakini, ndugu wasikilizaji, hakuna kinga ya bure. Kampuni inadai vitabu vya hesabu, ukaguzi wa hesabu, na taarifa za kila mwaka kupelekwa BRELA. Fedha ya kampuni si fedha ya mfukoni mwako, hata kama hisa nyingi ni zako. Tena mara nyingi benki ikiikopesha kampuni changa humwambia mwenyewe aweke saini ya kuidhamini kwa mali yake binafsi. Akisaini, ukuta ule ameubomoa kwa mkono wake.

Ushirika nao una njia yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933, wakauza mazao yao kwa pamoja. Katika chama cha msingi cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Katika kampuni, kwa kawaida, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Kijana anayetaka kuungana na wenzake inafaa ajue tofauti hiyo kabla ya kuchanga, si baada ya kugombana.

Mtaala mpya umelifanya somo la biashara kuwa la lazima kwa wanaoingia kidato cha kwanza. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba tutawafundisha watoto wetu kukariri aina nne kama wanavyokariri mito na milima, kisha wapate alama nzuri kwenye mtihani na wapoteze viwanja maishani.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Waacheni wanafunzi watatu waanzishe biashara ya maandazi hapo hapo shuleni. Lakini kabla hawajanunua ngano, waandike karatasi moja: nani ametoa kiasi gani, faida itagawanywa vipi, nani ana ruhusa ya kukopa, na hasara ikija nani atalipa. Watie saini mbele ya darasa. Wataona haya mwanzoni, kama kaka yangu na rafiki zake walivyoona haya. Lakini aibu ya kuandikiana ni ya siku moja.

Na yule msichana? Nilimwambia ukweli. Genge la mama yake ni biashara ya mtu mmoja, na deni la genge ni deni la mama. Kwa hiyo asikope zaidi ya anachoweza kulipa, na kila anachokopa kiandikwe. Akaniambia, "Mama hajui kuandika vizuri." Nikamwambia, "Wewe unajua." Akafungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.