DAMU YA MAMA NA DAMU YA MTOTO
(Hotuba kwa wazazi wa Igogo, Mwanza)



Twawashukuru kwa kuteremka kutoka majabalini na kuacha kazi zenu za mwaloni ili mtusikilize. Neno letu leo ni la nyumbani. Sote twaijua habari hii: mwanamke amezaa mtoto wa kwanza salama, wa pili akageuka manjano, akafa, wa tatu akazaliwa mfu. Hapo maneno huanza: ati ana mkosi, ati amerogwa, arudishwe kwao na mahari idaiwe. Sisi twasema: kabla hamjamtafuta mchawi, itazameni damu.

Mwaka 1940 mabingwa Landsteiner na Wiener walitangaza alama ya damu iitwayo Rh. Aliye nayo huitwa chanya. Asiye nayo huitwa hasi. Huko Ulaya watu wapatao 15 katika kila 100 ni hasi. Sisi Waafrika tulio hasi ni wachache zaidi, lakini uchache huo si faraja kwa mzazi anayezika.

Mama hasi akichukua mimba ya baba chanya, mtoto aweza kurithi damu ya baba. Wakati wa kuzaa, au mimba ikiharibika, damu kidogo ya mtoto huingia katika damu ya mama. Mwili wa mama huiona ni adui, nao huunda askari wa kuipiga. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hupona, maana askari hawajawa tayari. Afuataye ndiye huwakuta wanamngoja. Damu yake huvunjwavunjwa, na umanjano utokanao nayo ukizidi hupenya ubongoni. Asipokufa, aweza kuwa kiziwi au kupata mtindio wa ubongo. Je, kosa ni la nani? Si la mama, wala si la baba.

Kinga ipo. Tangu mwaka 1968 hutolewa sindano ya anti-D. Mama hasi hudungwa wiki ya 28 ya mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto chanya. Hata mimba ikiharibika yafaa aulizie. Lakini askari wakiisha kuundwa, sindano hiyo haifai kitu. Dawa hii hutengenezwa kwa maji ya damu za watu. Mzee James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025, alijitolea zaidi ya mara 1,100.

Mama wa kundi O naye asikilize: mtoto wake akiwa A au B aweza kupata manjano hata akiwa wa kwanza, ingawa mara nyingi si makali.

Basi, ndugu zetu, twawaomba haya. Mama, siku ya kwanza kliniki ulizia kundi la damu yako. Baba, nawe kapimwe. Ikiwa nyote ni hasi, hofu ya Rh hakuna. Dawa ni ghali, basi wekeni akiba mapema. Mtoto akizaliwa, mtazameni machoni, viganjani na nyayoni, maana ngozi yetu huficha umanjano. Akiwa manjano siku ya kwanza, msingoje kuche, wala msidhani jua la asubuhi latosha. Mkimbizeni Sekou Toure au Bugando, awekwe chini ya taa au abadilishwe damu.

Tena, si kila kilema ni cha damu. Uchungu ukikawia, mtoto aweza kukosa hewa, au mkono wake ukalegea kwa kuvutwa shingo. Msiukande mkono huo. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali.

Ndugu, kumfukuza mke hakubadili damu yake. Humponza tu, na mtoto ajaye hubaki hatarini. Anayempenda mkewe amsindikize kliniki.