Kobalti yetu, esansi ya wengine
Maneno kwa vijana wa Bunagana



Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia yote. Sehemu kubwa inaishia ndani ya bateri, zikiwemo za magari ya umeme. Lakini motari wa Bunagana anaamka asubuhi kununua esansi ya bidoni kando ya barabara, ile ilitoka Mombasa ikavuka Uganda. Bei ikipanda njiani, viazi na maharagwe pia vinapanda ku soko yetu.

Na umeme tuko nayo. Mtambo wa Matebe uko hapa hapa Rutshuru, unasukumwa na maji ya mto wetu. Ulifunguliwa mwaka 2015, una nguvu ya karibu megawati 13.

Kigali na Nairobi, motari hangojee bateri ijae. Anaacha ile imekwisha, anachukua ingine, dakika chache anaondoka. Bateri zinachajiwa hata usiku, saa watu wamelala na umeme hautumiwi sana. Kituo cha namna hiyo hakidai jengo kubwa. Kinadai waya ya uhakika, bateri za akiba, na mtu mwenye kujua kazi. Hapo ndipo sisi wenye diplome bila kazi tunaweza kuingia.

Tusidanganyane, magumu iko. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022. Januari 2025 vita ilikata laini ya umeme, Goma ikakosa taa na maji. Benki za Goma zikafunga: nani atakopesha motari pesa ya moto mpya? Na kutoka hapa mpaka Goma ni karibu kilometa 89, milima na mashimo. Bila kituo cha katikati, pale Rutshuru, motari mwenye abiria na mzigo atamaliza safari akisukuma.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: anayeshika bunduki, awe nani, asiguse nguzo za umeme wala mafundi wanaozitengeneza. Mbili: barabara ya Bunagana–Goma ikijengwa, vituo vya bateri viwekwe ndani ya mpango tangu mwanzo. Tatu: vyama vya wamotari viwe na hisa ndani ya vituo hivyo, ju tusitoke kwa bosi wa esansi tukaangukia bosi wa bateri.

Wamotari, tuanze na nyinyi: kila mmoja aandike esansi anayonunua kwa wiki moja. Na hesabu hiyo mkononi, hakuna mkubwa atatuambia hatujui tunachoomba.