Tanga Likishaanuliwa: Kijana Aliyefiwa na Anayejiumiza

*Mada iliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, Dar es Salaam*



Nitazungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi hulificha: kijana aliyefiwa anapoanza kuujeruhi mwili wake mwenyewe.

Sote tunaikumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walifariki na zaidi ya 80 waliokolewa. Msiba ule nchi nzima iliujua. Lakini nyumba nyingi za Gerezani, Jangwani na Mchikichini zimefiwa bila kutangazwa. Maiti husafirishwa kijijini, siku za matanga huisha, turubai hukunjwa na viti vya kukodi hurudishwa. Biashara haingoji: fremu hufunguliwa, na mtoto hurudi shuleni. Kwetu sisi wakubwa msiba umekwisha. Kwa mtoto, mara nyingi ndipo unapoanza.

Tuchukue mfano tu, wala simsemi mtu fulani. Binti wa miaka 15 amefiwa na mama, akahamia kwa mama mdogo. Wanalala watu sita chumba kimoja. Akitoka shule anasaidia kuuza vitenge, usiku anapika. Halii, na majirani wanamsifu kwamba amejikaza. Miezi inapita, anavaa mikono mirefu hata katika joto la Januari. Siku mama mdogo anapoyaona majeraha, anafanya nini? Wengine huchapa. Wengine husema ni pepo. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai.

Ndugu zangu, kujiumiza si lazima iwe nia ya kufa. Mara nyingi ni njia ya kupunguza uchungu ambao kijana hana maneno ya kuueleza. Hata hivyo anayejiumiza yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye, kwa hiyo tusilipuuze. Kumwuliza kwa upole kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema.

Je, tiba ya mazungumzo inaweza kufanyika katika mazingira yetu, yenye wataalamu wachache? Tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu yao walipata vikao 12 vya kikundi, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake. Walioviendesha hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walijifunza kutaja hisia zao, kutuliza mwili kwa kupumua taratibu, kusimulia kifo kidogo kidogo, na kupima mawazo kama "ni kosa langu". Walezi nao walikuwa na vikao vyao.

Naomba niwe mkweli kwa wafadhili wetu. Vikao vilipomalizika, watoto wa Bungoma, mjini na vijijini, na wa Moshi mjini walikuwa wamepungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliopata misaada ya kawaida. Katika vijiji vya Moshi tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye, faida ilibaki Kenya, lakini kwa upande wa Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Tena watoto wale walikuwa wadogo kuliko binti wa mfano wetu, na utafiti haukuhusu kujiumiza. Kwa hiyo njia hii ni msingi mzuri, lakini si dawa ya kila kitu. Kijana anayejiumiza apelekwe pia kwa mtaalamu wa afya ya akili, na Hospitali ya Taifa Muhimbili iko hapa hapa jirani, Upanga.

Napendekeza mambo manne:

1. Kamati iwe na watu wa kuitembelea familia iliyofiwa baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita, na kuzungumza na watoto wenyewe.

2. Kila parokia itenge chumba chenye faragha, na izungumze na walezi ili kijana apate saa moja kwa wiki asiyodaiwa dukani wala jikoni.

3. Wafadhili wagharamie usimamizi wa washauri nasaha, si semina ya siku tatu tu. Mshauri asiye na wa kumwuliza huchoka, au hukosea.

4. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ibandikwe mahali vijana wanapoiona. Kuipiga ni bure.

Na sisi walezi tukiyaona majeraha, tuanze hivi: tuyasafishe, tusipige, tusitangaze, tuviondoe karibu vitu vya hatari. Kisha tukae, tumwambie, "Mwanangu, naona unaumia. Nipo, nakusikiliza." Halafu tusikilize kweli, na kesho yake tumsindikize kwenda kupata msaada. Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake, na tusingoje kesho.