Matembezi ya Kinamasini na Homa ya Baadaye

  Leo tuongee juu ya matembezi ya likizo.

Shule zikifungwa, watoto huomba kupelekwa kuona wanyama. Karibu na Kitale kuna Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, iliyotengwa mwaka wa 1974 ili kumlinda nzohe, mnyama wa jamii ya swala anayeishi kinamasini. Mbuga hii ni ndogo, kama kilomita mraba 3 hivi, na watu hutembea kwa miguu. Kuna njia za mbao na majukwaa ya kupanda ili kuchungulia. Watoto wataona kima na korongo mwenye taji. Wakinyamaza, huenda wakamwona nzohe mwenyewe, mwenye kwato ndefu zisizozama matopeni. Akishtuka, hujificha majini akaacha pua tu.

Sasa mama, sikiliza vizuri. Nzohe huonekana zaidi alfajiri na jioni. Mbu wa malaria naye huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Saa ya nzohe ndiyo saa ya mbu. Usidanganywe na baridi ya Kitale ukadhani mbu hawapo.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka minne akiwa na homa ya siku tatu. Alikuwa amempa dawa ya maumivu ya dukani. Nilimwuliza kama walisafiri. Akasema, "Sista, tulitembea kinamasini, lakini hiyo ni wiki mbili zilizopita." Tulipima damu, tukapata malaria. Kabla hatujamaliza kumhudumia, mtoto akashikwa na degedege. Tulimpeleka hospitali kubwa usiku huohuo. Alipona, lakini ilibaki kidogo tu.

Mbu wa leo haleti homa leo. Kwa kawaida homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Kwa hivyo, andika tarehe ya safari kwenye kalenda.

Kabla ya kutoka, mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu. Mpake mafuta ya kufukuza mbu, ila usiyapake viganjani, wala usimpake mtoto aliye chini ya miezi miwili. Mkilala huko, laleni ndani ya neti. Bebeni maji yaliyochemshwa na sabuni ya kunawa kabla ya kula. Kwenye njia za mbao, mshike mtoto mkono.

Mkirudi, homa ikitokea, mpeleke mtoto akapimwe kabla ya saa 24 kwisha. Mwambie mhudumu mlikwenda wapi na lini, hata asipouliza. Akipewa dawa za malaria, azimalize zote hata kama ameanza kucheza. Akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usingoje kukuche. Nenda mara moja.

Wapelekeni watoto wakamwone nzohe. Ila mkifika nyumbani, endeleeni kuhesabu siku.